Kipande cha Mwisho cha Ndimu

"Dakika kumi na nane," sauti ya Bosi Kvamme ilikwaruza sikioni. "Ukizuia kipimo mapema, muuza nyaya feki atanusa na kutokomea na orodha ya wagonjwa. Watu mia nne, Berit."

"Nimesikia, Bosi."

Kachero Berit Tollefsrud alikoroga kahawa yake katika chumba cha wauguzi, hospitali ya mji wa Duluth, theluji ikipiga kioo. Nyaya mia nne feki zilikwisha kushonwa vifuani mwa watu, kila mmoja ukiunga betri ya moyo na moyo wenyewe. Waya halali huhimili mawimbi ya MRI, mashine ya kupiga picha za mwili kwa sumaku. Feki hugeuka antena humo ndani, na ncha yake ikaunguza moyo kama pasi iliyosahauliwa juu ya shati.

Baba yake alikufa hivyo, majira matatu ya baridi yaliyopita. Alikuwa akigonga ubavu wa mashine kutoka ndani, akiomba atolewe. Tok, tok.

Berit bado alimsikia.

Saa nne kamili asubuhi, muuza nyaya angetia sahihi kwamba waya wa mgonjwa wa leo, Mama Aune, ni salama. Mama wa watu alishavaa gauni la hospitali, ameketi koridoni.

Mezani walikuwepo mawakala watatu wa vifaa vya moyo. Vitambulisho safi. Wote wakijiita wazaliwa wa jimbo hili la Minnesota.

Mmoja alikuwa mwongo: muuza nyaya feki, mtu wa kuja.

"Kuleni hivyo vya ndimu," alisema nesi Corrine, akisukuma sahani ya vitamutamu. "Nikivirudisha nyumbani, mume wangu atapasuka."

Vikaliwa hadi kimoja. Wakala wa kwanza, Merle, akakikata, akala nusu. Wa pili, Gretchen, akaikata nusu iliyobaki, akala robo.

"Malizia, Merle."

"Mimi nimeshiba. Malizia wewe, dada."

"Na suruali hii itafungika vipi?"

Watu wa huku ndivyo walivyo. Kipande cha mwisho watakikata mpaka kiwe chembe, na chembe wataiacha ikauke, mradi pasiwe na wa kuitwa mlafi.

Wakala wa tatu, Todd Lindahl, akanyoosha mkono. Akatia robo nzima mdomoni. Akalamba kidole.

Merle akaitazama sahani kama aliyeona maiti ikikaa kitako.

"Bosi," Berit alinong'ona. "Kala cha mwisho."

"Chote?"

"Chote."

"Mkamate."

Todd aliuona mkono wa Berit ukielekea kwenye bastola yake, Glock. Akaacha kompyuta yake mezani, akatimka, akampita Mama Aune, akajitupa chumba cha MRI, bastola yake mwenyewe mkononi. Humo hamkuwa na mtu. Mashine ilikuwa kimya. Akadhani imezimwa.

Berit, akimfukuza, alimkabidhi Corrine aliyekuwa nyuma yake ile Glock hatua kumi kabla ya mlango.

Sumaku ya MRI hailali, hata mashine ikinyamaza.

Bastola ikamchomoka Todd, ikaruka, ikabamiza mdomo wa mashine. Vidole vyake viwili vikavunjika.

"Unauza nyaya za kuingia humu," Berit alisema, akimfunga mikono kwa utepe wa plastiki, "na mashine yenyewe huijui."

Orodha ilikuwamo kwenye kompyuta ya Todd. Jina la tisa: Arvid Tollefsrud.

Berit aliigusa skrini kwa kidole, pale kwenye jina la baba yake.

"Sipimwi tena?" Mama Aune aliuliza.

"Mpaka ubadilishwe waya, mama."

"Na nywele nimezitengeneza bure."

Corrine akafungua kopo jingine la vitamutamu. Berit akachukua kipande, akakikata, akala nusu. Nusu akaiacha ukingoni mwa sahani.

"Ya nani hiyo?" Corrine aliuliza.

Nyuma ya ukuta kitu kiligonga, kama baba yake siku ile. Tok, tok.

"Ni pampu ya mashine tu," Corrine alisema.

"Najua."

Akavuta zipu ya koti, akatokomea kwenye theluji.