Herufi Nne Kutoka Kiandutu

"Mama, maziwa yamechacha. Usinunue."

Ujumbe uliingia kwenye simu ya Mwongeli saa mbili na dakika kumi asubuhi, akiwa kwenye ngazi za ofisi, Ruiru. Maana yake ilikuwa moja: wameshuku, toka hapo sasa hivi.

Alikuwa na sekunde tatu za kuutii.

"Simu, madam," Njogu, mlinzi wa ofisi, akasema, mkono mmoja umenyooshwa. Mkono wa pili ulikuwa ndani ya jaketi.

Mwongeli akaufuta ujumbe kwa kidole gumba, akampa ile Tecno.

Toyota HiAce nyeupe ilikuwa imerudi kinyumenyume hadi mlangoni, vioo vimepakwa rangi nyeusi kwa ndani. Simran, mtengenezaji programu wa kampuni, alikuwa ameshaketishwa humo, laptopu mapajani, macho mekundu.

"Tunaenda wapi?"

"Kazini," Njogu akajibu, akafunga mlango.

Dakika arobaini baadaye walisukumwa ndani ya chumba cha matofali. Meza mbili, laptopu mbili za ThinkPad, balbu moja, saa ya ukutani. Hakukuwa na dirisha. Mlango ulikuwa wa chuma, na komeo lake lilikuwa nje.

Lenz, mwenye kampuni, aliwafuata. Alikuwa mgeni mrefu, mwenye Kiswahili cha kitabuni na bastola ya Glock kiunoni.

"Mmoja wenu anaongea na watu wa nje," alisema. "Sijui ni nani. Nitajua tukimaliza kazi. Saa tano kamili nataka orodha ya kurasa za kunakili iwe tayari."

Komeo likagonga.

Mwongeli alikuwa jasusi wa serikali. Kwa wiki tano alikuwa amejifanya mjaribu wa programu katika kampuni ya Lenz, akipokea malalamiko ya watumiaji na kutafuta makosa. Alichokichunguza kilikuwa kitu kidogo kiitwacho Soma Wazi: kiendelezi, yaani kiprogramu kinachopachikwa kwenye kivinjari kama Chrome ili kukiongezea uwezo. Simran alikitengeneza kwa ajili ya babake, Mzee Harbans, fundi wa mashine hapo Thika ambaye macho yake yalikuwa yakififia. Kilikuza herufi za ukurasa wowote. Watu wakakipenda. Kikaingia mashuleni, mahospitalini, maofisini.

Lakini ili kikuze herufi za ukurasa, lazima kwanza kiusome ukurasa wenyewe.

Hicho ndicho Lenz alichokitaka.

Kulikuwa na karani mmoja aitwaye Emmah, aliyeyaona kwa macho yake masanduku ya bunduki ambazo watu wa Lenz waliziingiza nchini. Jumatatu angetoa ushahidi. Kwa sasa alikuwa amefichwa pamoja na watoto wake wawili katika shamba moja Theta. Kila Ijumaa saa tano, afisa mmoja hufungua ukurasa wa siri kuthibitisha mahali alipo.

Na kompyuta ya afisa huyo ilikuwa na Soma Wazi.

Leo ilikuwa Ijumaa.

"Nilidhani ni utafiti tu," Simran alinong'ona. "Aki nilidhani wanataka kujua watu wanasoma nini. Jana ndiyo nimeona ile anwani ya ukurasa kwenye orodha, nikajua ni ya serikali. Nikakataa. Njogu akanionyesha picha ya baba akiwa mlangoni kwake."

"Sasa hivi uko na mimi," Mwongeli akasema. "Hii intaneti inafungua nini?"

"Kurasa zetu za kazi tu. Mengine yote wamefunga."

"Malalamiko ya watumiaji yanaingia?"

"Yanaingia."

"Na ile alama nyekundu?"

Simran akamtazama. Juu ya picha ya kiendelezi, pembeni mwa kivinjari, huwa kuna kisanduku chekundu cha kuonyesha taarifa fupi. Nafasi yake haizidi herufi nne. Simran angeweza kukiandikia kifaa chochote kilicho kwenye kundi la majaribio.

Kimoja kati ya vifaa hivyo kilikuwa mezani kwa Karanja, mkubwa wa Mwongeli, katika chumba cha kukodi Gitothua.

"Tuko wapi, Simran? Ulisikia nini njiani?"

Simran akafumba macho. "Tumepita barabara kuu. Halafu mabonde mabonde. Halafu kelele za wachuuzi, na spika ya kanisa. Baba alikuwa akinileta huku nikiwa mdogo. Ni viwanda vya nyuma ya Kiandutu. Hiki naona ni kile cha magunia kilichofungwa."

"Andika."

KIAN.

DUTU.

MAGU.

NIA.

Kila kipande kilikaa sekunde kumi. Kisha wakangoja.

Joto lilikuwa limeanza kuwabana. Hewa ya chumba ilikuwa ileile waliyokwisha kuivuta. Mwongeli alihesabu hatua kutoka ukuta hadi ukuta. Nne. Akahesabu tena. Nne.

Lalamiko jipya likaingia.

"Mimi ni mzee wa Gitothua. Herufi zenu zilikuwa hazisomeki, sasa zinasomeka. Nyumbani kuna wageni wangapi?"

Mwongeli alitaka kucheka. Hakucheka.

WATU. 2. GLOK.

"Vumilieni. Fundi anakuja, lakini barabara ni mbaya. Saa nzima."

Saa nzima. Saa ya ukutani ilikuwa saa nne na dakika ishirini na mbili. Lenz angepata anwani ya Emmah kabla.

"Tukiharibu orodha?" Simran akauliza.

"Ataisoma kabla ya kuiidhinisha. Ufunguo wa kuidhinisha, ule wa USB, uko shingoni mwake."

"Ataisoma wapi?"

"Kwenye laptopu yake."

Simran akaivuta laptopu karibu. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, akaketi wima.

"Laptopu yake ina Soma Wazi," alisema. "Iko kwenye kundi la majaribio. Kiendelezi hakisomi ukurasa tu, Mwongeli. Kinaubadilisha. Ndivyo kinavyokuza herufi. Naweza kumwonyesha chochote."

"Andika orodha tupu. Yeye aone iliyojaa."

"Na anwani wanayoitafuta? Ataingoja."

"Mpe ya Karanja, mkubwa wangu, kule Gitothua."

Mistari kumi na mmoja ya programu. Simran aliiandika, akaifuta miwili, akaiandika upya. Mwongeli alisimama mlangoni, sikio kwenye chuma.

WANA. KUJA. KWAK. O.

Jibu lilikuja haraka. "Karibuni. Chai iko."

Komeo likavutwa.

Lenz aliingia na laptopu yake, akaiweka mezani, akafungua ukurasa wa orodha. Alisoma polepole, kidole kikifuata mstari kwa mstari. Anwani ya ukurasa wa serikali ilikuwa pale pale alipoitaka. Alichokiona hakikuwa kilichoandikwa.

Akachomeka ufunguo.

Akabofya.

Saa tano na dakika mbili, mstari mmoja ulitokea kwenye kioo chake. Lenz akatabasamu, akainua simu.

"Gitothua. Ghorofa ya kijani, chumba cha juu. Nendeni."

Akatoka. Komeo likagonga tena.

"Imeingia," Simran akasema, kisha akakunja pua. "Mwongeli. Unasikia hiyo harufu?"

Petroli.

Ilikuwa ikipita chini ya mlango, taratibu, ikifuata mteremko wa sakafu hadi miguuni mwao.

Simran alipanda juu ya kiti. Mwongeli hakusogea. Kwa dakika nzima hakufikiria chochote isipokuwa kuta zile nne. Kisha akainama, akaichomoa UPS chini ya meza. Sanduku la betri, kilo nane hivi.

Nje, simu ya Lenz ikalia. Wakamsikia akisikiliza. Wakamsikia akitukana kwa lugha yake.

"Ni mtego! Njogu, washa!"

"Lenz!" Mwongeli akapaza sauti. "Anwani ya kweli ninayo kichwani. Ukinichoma, unaichoma nayo."

Nyayo zikasogea hadi mlangoni.

Sekunde tano. Kumi.

Komeo likavutwa. Bastola ndiyo iliyotangulia kuingia.

Mwongeli aliishusha UPS kwa mikono miwili juu ya kifundo cha mkono. Mfupa ukalia. Glock ikadondoka kwenye petroli. Kabla Lenz hajainama, goti lilimpata tumboni, na pigo la pili likamlaza kifudifudi.

Njogu alikuwa kwenye ujia, kibiriti mkononi, njiti imeshatolewa.

"Njogu," Simran akasema kutoka juu ya kiti. Safari hii hakunong'ona. "Hebu angalia viatu vyako."

Njogu akaangalia. Viatu vilikuwa vimelowa. Suruali pia, hadi magotini.

"Ngai," akasema polepole. Akairudisha njiti ndani ya kibiriti, akakilaza sakafuni pakavu kama yai, akainua mikono.

Askari waliwakuta hivyo dakika kumi baadaye.

Karanja alifika saa sita kasorobo kwa Subaru, shati limechomoka. Watu watatu walikuwa wamekamatwa Gitothua wakiwa na bunduki mbili. Emmah hakujua lolote. Alipopigiwa simu alikuwa akianika nguo, na alitaka tu kujua kama Jumatatu watoto wataruhusiwa kumsindikiza.

"Baba yako amepelekewa askari," Karanja alimwambia Simran. "Yuko salama. Hiki kiendelezi chako tunakifuta leo."

"Hapana," Simran akasema. "Nitakisafisha. Nipe wiki moja na mtu wenu akae karibu nami akiangalia kila mstari."

Karanja alimtazama Mwongeli. Mwongeli akaitikia kwa kichwa.

"Haya. Wiki moja." Karanja akafungua mlango wa nyuma wa Subaru. "Ingia, Mwongeli, twende Nairobi. Ripoti inangojwa."

Mwongeli aliutazama ule mlango. Akakitazama kile kiti chembamba, na vioo vilivyopandishwa hadi juu.

"Ripoti utaipata kesho," alisema.

"Na sasa unaenda wapi?"

"Kutembea."

Akaitupa jaketi yake yenye harufu ya petroli begani, akapita geti, akaingia kati ya wachuuzi wa Kiandutu, juani, bila kugeuka.