Ufunguo Uliochongwa Adhuhuri

Mwanarehema aliporudi kutoka kuswali adhuhuri alikuta kazi yake imekwisha, na si yeye aliyeimaliza.

Kazi yenyewe ilikuwa ngeni pale Bofu, Likoni, mwaka ule wa tisini na tisa. Kampuni ndogo iliyomwajiri ilikodi chumba cha mbele cha nyumba moja kongwe, naye alipanga vyumba vya uani pamoja na binti yake wa pekee, Mwanabibi, wa miaka sita. Kompyuta ya mle chumbani ilitunza majina ya wateja kwenye mtandao: kompyuta ya mbali ikiita jina, hii huitika na kusema mwenye jina anapatikana wapi. Tatizo ni kwamba mlaghai naye angeweza kuitikia jina lisilo lake. Ndipo msimamizi wake Absalom, mtu wa bara, akaleta programu ya kuchonga funguo mbili. Mmoja wa siri, wa kutia muhuri kila jibu, usiotoka mle ndani abadani. Wa pili wa wazi, unaogawiwa ulimwengu mzima ili kila mtu auhakiki ule muhuri.

Programu haikutaka akili, ilitaka fujo. "Gonga herufi ovyoovyo," Absalom alimwambia. "Usifikirie kitu. Ukifikiria, mtu ataweza kukisia."

Maneno matupu hayo. Mwanarehema aligonga mpaka vidole vikamuuma, na kila mara mashine ikakataa: herufi zinajirudia, ongeza. Alipotazama skrini alicheka peke yake. Mkono una mazoea yake; kumbe muda wote alikuwa akiandika mwanabibi, mwanabibi, mwanabibi, kama anayemwita mtoto aje ale.

Chumba kilinuka panya, kwa hiyo alikuwa amefukiza udi na kunyunyiza marashi. Adhana ikalia. Akasimama, akajinyoosha mgongo, akakitania chumba kitupu: "Haya, aliyemo na anisaidie. Mie nimechoka."

Mtoto wa Pwani huyo, aliyelelewa na nyanya yake, anafukiza udi jua likiwa utosini, kisha anamwomba msaada asiyemwona! Hata bismillahi hakutaja. Akatoka zake kwenda kuswali.

Aliporudi ufunguo ulikuwa tayari. Kibodi ilikuwa na joto, na kila kitufe kilikuwa na utelezi wa mafuta mazito yanayonukia haludi, manukato asiyokuwa nayo nyumbani kwake. Alipangusa kwa ncha ya leso, akajiambia programu imejimalizia yenyewe.

Kazi ikaenda vizuri, tena vizuri kupita kiasi. Siku umeme ulipokatika Likoni nzima, mteja mmoja alipiga simu kutoka ng'ambo kushukuru: majina yake yaitika upesi kuliko siku zote. Mwanarehema aliitazama kompyuta iliyozimika mbele yake, akaiweka simu chini taratibu.

Wiki ile ile, mchana, alikuwa jikoni akikuna nazi. Mwanabibi, aliyekuwa akicheza na vifuu uani, aliinua kichwa ghafla.

"Abee, mama!" akaitika, akakimbilia chumba cha mbele.

Mwanarehema hakuwa ameita. Alimfuata, akamkuta amesimama mbele ya skrini, pua yake karibu iguse kioo.

"Sikukuita, mwanangu."

"Umeniita, mama," mtoto alinong'ona bila kugeuka. "Wananiambia nisogee."

Absalom alipofungua orodha ya majina alikuta limo moja ambalo hakuna aliyeliandika. Lilikuwa mwanabibi. Alilihakiki mara mbili.

"Muhuri ni halali," alisema kwa sauti ya chini. "Mashine yoyote duniani ikiuliza, itaambiwa huyu ni wa hapa."

"Wa hapa kwa nani?"

Absalom aligeukia kibodi. Alilifuta lile jina, likarudi. Alilifuta tena, akaung'oa waya wa umeme ukutani, na bado kutoka uani walimsikia mtoto akiitika, abee, kisha kimya, kisha abee, na kila alipoitika sauti yake ilikuwa hafifu zaidi, kama mtu anayejibu huku anakwenda, ingawa mtoto mwenyewe alikuwa ameketi kitako juu ya mkeka, macho wazi, mikono baridi, hataki chakula wala maji, na harufu ya haludi ikimtoka nyweleni mpaka mama yake akaogopa kumkumbatia, na kwa kuogopa huko akalia.

Mwalimu Faki, aliyefundisha madrasa ya nyuma ya nyumba hiyo, aliitwa. Alisikiliza yote, akatikisa kichwa kwa hasira.

"Umemwalika kwa udi, ukampa kazi, ukamwachia jina la mwanao kiooni. Sasa wamlaumu mgeni?"

"Nilikuwa natania, mwalimu. Wallahi."

"Wao hawajui utani. Kivunjeni alichokichonga. Na mtoto abadilishwe jina, lile la kwanza lisitajwe tena. Akiitwa, asiitike mpaka amwone anayemwita."

"Tukiharibu ufunguo wateja wote watapotea mtandaoni," Absalom alisema. "Kazi yako na yangu pia."

"Kazi hutafutwa," Mwanarehema alisema. "Mwanangu nitamtafuta wapi?"

Waliuchomeka tena waya, wakaufuta ufunguo huku mwalimu akisoma Yasini. Mabati ya paa yalilia kama yamekanyagwa, harufu ikapita mlangoni, na mtoto akatapika maji ya manjano, akalala. Alipoamka aliomba uji. Mama yake alimnong'oneza sikioni jina la kumkinga, kama wazee walivyofanya kwa watoto wanaotamaniwa: Mwanatabu. Jina baya kidogo, lisilotamanisha.

Ikabaki kuchonga ufunguo mpya, kabla wateja hawajakimbia. Mwanarehema alikataa, kisha akakubali; mwalimu alisema aliyeufungua mlango bila bismillahi ndiye aufunge kwa bismillahi. Safari hii walifanya asubuhi, madirisha wazi, bila udi. Mtoto aliketishwa kando yake asimpotee machoni, Absalom akasimama mlangoni. Mwanarehema akapiga bismillahi, akafumba macho ili asichague herufi, akagonga, akagonga, na moyoni hakuwa na lolote ila mtoto aliyekaa kando yake.

Mashine haikulalamika hata mara moja. Ikalia kengele: tayari.

Alifumbua macho. Skrini ilijaa neno moja, kutoka juu hadi chini. Mwanatabu, mwanatabu, mwanatabu. Vidole vyake vilikuwa vinateleza kwa mafuta.

"Mwanatabu!" sauti ikaita kutoka kwenye kompyuta. Ilikuwa sauti yake mwenyewe, tamu, ya kumwita mtoto aje ale.

Mtoto hakuwa mkaidi. Alifanya kama alivyofunzwa: aliinua uso kwanza, akamtafuta mama yake, akamwona pale pale mbele yake. Mwanarehema aliruka kumziba mdomo.

"Abee, mama," mtoto alikwisha kuitika.