Mafundo Kumi na Mawili

Kemigisha hakuwa na viatu. Hakuwa na begi la shule. Daftari zake alizibeba katika kikapu kidogo cha ukindu. Hakuwa na saa, wala baiskeli, wala kaka wa kupokezana naye kuchota maji. Hata wazazi wake hakuwa nao karibu, kwa kuwa walikuwa vibarua katika mashamba ya miwa, mwendo wa siku nzima kutoka nyumbani. Lakini kitu alichokikosa kuliko hivyo vyote hakikuuzwa katika duka lolote la Nyaishozi. Lilikuwa neno moja tu. Kemigisha hakuwa na neno “hapana.”

Ukimtuma mtoni alisema ndiyo. Ukimtuma tena kabla hajapumua alisema ndiyo. Mwenzake akimwomba kalamu alisema ndiyo, hata kama mtihani ulikuwa saa hiyo hiyo. Mwalimu alimsifu kwa utii na majirani walimsifu kwa adabu, naye akakua akiamini kwamba mtu mwema ni yule anayewahi kusema ndiyo kabla ya wengine.

Mwaka huo wa 1987 alikuwa darasa la sita, akiishi na bibi yake, Placidia. Asubuhi alifagia uwanja, akachota maji, akaenda shule. Mchana, baada ya kula ndizi na maharage, aliketi mkekani pamoja na wanawake wa kikundi cha kusuka kilichoitwa Neno Moja. Wanawake hao walikuwa saba, na mwenyekiti wao alikuwa Bibi Placidia mwenyewe. Walisuka vikapu vyenye vifuniko vilivyochongoka, na michoro yake myeusi waliipata kwa kuloweka ukindu katika tope la bondeni. Hapakuwa na vikapu viwili vyenye mchoro mmoja. Kwa kuwa Kemigisha alikuwa na mwandiko safi, walimchagua kuwa katibu. Wala haukuwa mzaha. Barua zote za kikundi zilipita mikononi mwake, na watu wazima walimwita Katibu.

Siku moja ya mwezi wa Mei, kondakta wa basi la Bukoba alileta barua. Ilitoka kwa Mama Adelgunda, mwenye duka la kazi za mikono mjini, aliyekuwa akinunua vikapu vitatu au vinne kila mara. Kemigisha akaisoma kwa sauti. Mama Adelgunda alitaka vikapu sitini kufikia mwisho wa Septemba. Kulikuwa na sherehe kubwa mjini, na kila mgeni wa heshima angepewa kikapu.

“Sitini!” akasema Mukashema, msukaji mcheshi kuliko wote. “Huyo mama anadhani tunavichuma mitini?”

Wanawake wakacheka. Bibi Placidia akafikiri, kisha akasema, “Katibu, mwandikie kwamba tutaona.”

Kemigisha akachukua kalamu. Lakini alipofika kwenye lile neno “tutaona,” mkono wake ukasita. Lilionekana neno dogo na baridi, lisilofaa kwa mtu aliyeandika kwa upendo namna ile. Basi akaandika, “Ndiyo, Mama, bila shaka. Tutaleta sitini. Hata mia tungeweza.” Akafunga bahasha, akajisikia mwema kabisa.

Baada ya wiki mbili jibu likaja. Mama Adelgunda alishukuru sana. Alisema amekwisha kuwaahidi wenye sherehe, na kwamba sasa jina lake liko mikononi mwa Neno Moja. Kemigisha aliisoma barua hiyo akiwa peke yake nyuma ya nyumba.

“Mama Adelgunda anasemaje?” bibi yake akauliza.

“Anasalimia,” akajibu Kemigisha, akaificha barua ndani ya daftari la hesabu.

Juni shule zilipofungwa, pakatangazwa semina ya siku tatu pale Nyaishozi. Ilikuwa semina ya uongozi wa shughuli, kwa wenye vikundi na karakana za sanaa. Bibi Placidia alialikwa kama mwenyekiti, akasema haendi bila katibu wake. Walikutana katika ghala la kahawa. Kahawa mpya ilikuwa bado haijaanza kuletwa, kwa hiyo ghala lilikuwa tupu, likinukia magunia ya mwaka uliopita.

“Shikamooni,” Kemigisha akasalimu alipoingia.

“Marahaba,” wakaitikia. Anastazi, mchora mabango aliyejulikana kwa kofia yake yenye madoa ya rangi, akamtazama kuanzia kichwani hadi miguuni. “Na huyu naye ni meneja wa nini? Au amefuata chai na mkate?”

“Huyu ni katibu wetu,” akajibu Bibi Placidia. “Anaandika bila kukosea herufi. Wewe kwenye duka la pale njiani umeandika ‘Karibuni Watej.’ Ile ‘a’ uliila?”

Ghala zima likaangua kicheko, na Anastazi akavua kofia yake kukubali kushindwa.

Mkufunzi alikuwa Bwana Gaudiosus, mtu mpole mwenye miwani, mzaliwa wa huku huku. Kwa kukosa ubao aliandika kwa chaki kwenye mlango wa ghala. “Kusuka, kuchora na kuwamba ngoma mnajua kuliko mimi,” alisema. “Mimi nimekuja tuzungumze namna ya kuiongoza kazi hiyo. Mikono yenu imesoma sana. Sasa shughuli yenyewe nayo isome.”

Siku ya kwanza walizungumza juu ya mteja: ni nani, anataka nini, na kwa nini anarudi au harudi. Siku ya pili Bwana Gaudiosus akaandika swali moja mlangoni: Kazi yako moja huchukua siku ngapi?

“Ngoma?” akasema Mzee Sibomana, mtengeneza ngoma kutoka Rugu. “Mwanangu, ngozi hukauka inavyotaka yenyewe. Nani aiulize?”

“Na kikapu?”

“Kikapu kinaisha kikiisha,” akasema Bibi Placidia.

“Basi mteja akiuliza aje lini, mnamwambia nini?”

“Kesho!” wakajibu kwa pamoja, wakacheka mpaka machozi yakawatoka.

Bwana Gaudiosus naye alicheka. Kisha akafuta miwani. “Ninawaelewa,” alisema. “Sisi watu wa hapa mgeni akija tunampa buni atafune, tunamkalisha, na hatuwezi kumwacha aondoke na neno hapana. Ni adabu nzuri sana. Lakini mteja akiondoka na ndiyo isiyo na siku, tumempa nini? Ataikalia ndiyo hiyo kama kiti, na siku ya kazi yake kiti kitavunjika mbele za watu. Kuna aliyewahi kuahidi kazi asiyojua siku zake?”

Mikono yote ikanyooka, hata ya Bibi Placidia. Mkono wa Kemigisha ulibaki magotini. Kichwani alimwona Mama Adelgunda, ambaye alikuwa hajawahi kukutana naye, akianguka kutoka kwenye kiti mbele ya wageni sitini.

Mwisho wa semina kila mmoja akapewa kazi ya nyumbani: apime kazi yake moja tangu mwanzo hadi mwisho. Bibi Placidia akampa Katibu kazi hiyo.

Kemigisha akatafuta uzi wa katani. Bibi yake alipoanza kikapu kipya, kila siku aliyoketi kusuka, tangu baada ya chakula cha mchana hadi mbuzi waliporudi, Kemigisha alifunga fundo moja. Siku ya tatu jirani alifiwa, bibi akaenda msibani.

“Nifunge fundo, Bibi?”

“Vidole vyangu vilikuwa msibani, kikapu kilikuwa ukutani. Usifunge.”

Siku za kuchuma kahawa hakufunga. Siku ya gulio hakufunga. Wanawake wengine walianza vikapu vyao wakati ule ule, nao wakawa wanachungulia uzi na kutania. “Katibu, leo umetufunga au umetuachia?” Mukashema aliuliza kila alipokuja.

Kemigisha alicheka nao, lakini moyoni alikuwa anauomba ule uzi. Alitaka uwe mfupi. Mafundo yakiwa manne au matano, alifikiri, labda sitini vingewezekana, na ile barua iliyo katika daftari la hesabu isingekuwa uongo tena. Fundo la nane likaja, na kikapu kilikuwa hakijapata hata mfuniko. Siku iliyofuata bibi aliketi kusuka, na Kemigisha akauacha uzi ulivyo. Hakuna aliyeona.

Asubuhi akautazama uzi ukining'inia kwenye msumari. Sasa kulikuwa na barua ya uongo na uzi wa uongo. Uzi ungeweza kumdanganya bibi, akawaza, lakini vikapu visingeongezeka hata kimoja. Akafunga lile fundo alilolikwepa, na jioni akafunga lingine la siku hiyo.

Bibi Placidia alipomalizia ncha ya mfuniko, mafundo yalikuwa kumi na mawili. Kemigisha akaangalia kalenda ukutani. Siku za kusuka zilikuwa kumi na mbili, lakini mwezi mzima ulikuwa umepita, kwa kuwa wiki moja iliruhusu siku tatu tu. Mwezi mmoja, kikapu kimoja. Wanawake saba, vikapu saba. Juni hadi Septemba, ishirini na vinane.

Akaenda kuchukua daftari la hesabu. Wanawake walikuwa mkekani, na vile vikapu saba vilikuwa vimepangwa mbele yao. Akapiga magoti.

“Bibi, ile barua ya Mei, sikuandika tutaona.”

“Uliandika nini?”

“Niliandika ndiyo. Tutaleta sitini. Na nikaongeza, hata mia.”

“Mia!” akasema Mukashema. “Kwa vidole vya nani, mtoto wewe?” Alicheka, lakini alipoona uso wa Bibi Placidia akanyamaza.

Kemigisha akaisoma barua aliyoificha, neno kwa neno, mpaka pale Mama Adelgunda aliposema jina lake liko mikononi mwao. “Mkitaka kuchagua katibu mwingine, chagueni,” akasema huku akilia.

Bibi Placidia aligeuza uzi vidoleni, fundo kwa fundo. Kisha akasema, “Kwa nini hukuandika kama nilivyokuambia?”

“Niliogopa kumkatalia. Si adabu.”

“Na unajua mimi nilikuwa na maana gani niliposema tutaona?”

Kemigisha akatikisa kichwa.

“Nilikuwa na maana ya hapana,” akasema bibi, na uso wake ukalainika. “Nilijua sitini hatuviwezi. Nami pia niliogopa. Nikakupa neno lenye pazia, nawe ukalivalisha nguo ya harusi. Uongo wa kuficha barua ni wako, na nimeumia. Lakini hofu ile umeirithi kwangu. Njoo ukae hapa. Leo tutaandika pamoja.”

Wakaandika siku hiyo hiyo. Barua ilisema: “Mama yetu, hapana, hatuwezi sitini. Katibu alikosea kukuahidi, na anaomba radhi. Tunaweza ishirini na vinane. Saba ndivyo hivi, vingine saba kila mwisho wa mwezi. Tunakutumia uzi. Kila fundo ni siku moja ya kusuka kikapu kimoja.” Vikapu saba, barua na uzi vikapanda basi.

Siku tisa zilizofuata zilikuwa ndefu kwa Kemigisha. Kila basi lilipopiga honi njiani, alikimbia barabarani. Siku ya kumi kondakta akamwita kwa jina.

“Wanangu,” aliandika Mama Adelgunda, “nilikasirika siku moja, nikashukuru zilizobaki. Mmeniambia Julai. Mngeniambia Septemba ningeaibika mbele ya watu. Sasa nimepata kikundi kingine cha kujazia hivyo thelathini na viwili. Wasukaji wengi huniandikia ndiyo. Ni ninyi wa kwanza kuniandikia siku. Uzi wenu nimeutundika dukani, na wateja wakilalamika kwamba kikapu ni kazi ndogo, ninawaonyesha. Sasa niambieni: Krismasi mnaweza kuniletea thelathini vingine?”

Wanawake wakapiga vigelegele mpaka kuku wakakimbia. Kemigisha akafuta macho, akamgeukia mwenyekiti. “Tumwandikie nini, Bibi?”

“Mwandikie tuta...” Bibi Placidia akajishika mdomo. Mukashema akaanguka mkekani kwa kicheko, na bibi mwenyewe akacheka mpaka kilemba kikalegea.

“Haya, tupime,” akasema alipopata pumzi. “Oktoba na Novemba ni kupanda na kupalilia. Wiki itatupa siku mbili tu.”

Kemigisha akahesabu kwenye vidole, kisha kwenye karatasi. “Mafundo kumi na mawili, wiki sita. Kila mmoja atamaliza viwili kabla ya sikukuu. Kumi na vinne, Bibi.”

“Basi ni kumi na vinne.” Bibi Placidia akamshika mjukuu wake bega. “Sikiliza, Katibu, nawe usisahau utakapokuwa mkubwa na shughuli yako mwenyewe. Mtu anayekuagiza kazi anakukabidhi siku zake. Kumheshimu ni kumwambia kweli mapema, wakati bado ana nafasi ya kutengeneza mambo yake. Hapana iliyosemwa kwa upole na kwa wakati ni adabu kamili. Mimi nimeijua nikiwa na mvi. Wewe umeipata ukiwa darasa la sita.”

Kemigisha akaandika kwa mwandiko wake safi: “Mama Adelgunda, shikamoo. Thelathini hapana. Kumi na vinne ndiyo.” Akawasomea wote saba, mara mbili, bila kuongeza wala kupunguza. Kisha akalamba gundi ya bahasha, akaibana kwa kiganja, na honi ya basi iliposikika akakimbia pekupeku hadi barabarani, akaikabidhi mkononi mwa kondakta.