Kumkomoa Mshale

Kila siku baada ya masomo, Kibibi, kama walivyomwita nyumbani, alinunua soda na pakiti ya biskuti, akaenda kukaa kando ya cherehani ya shangazi yake. Alikula huku akiokota vipande vya vitambaa sakafuni hadi jioni.

Siku ya michezo alishiriki mbio za kupokezana vijiti. Alipokea kijiti akiwa wa kwanza, akafika wa mwisho, akihema kama amepanda mlima. Kiranja wao, msichana aliyeitwa Mshale kwa kasi yake, akapaza sauti, "Nani amempa Pipa kijiti?"

Uwanja mzima uliangua kicheko. Tangu hapo jina hilo likamganda.

"Nitamkomoa," Kibibi aliapa. "Atakula vumbi langu mbele ya hao hao waliocheka!"

Akaanza kwa kujinyima chakula. Siku ya tatu akadondoka mstarini asubuhi.

"Unamkomoa yeye au unajikomoa mwenyewe?" shangazi alifoka. "Kula ushibe. Soda uache. Kesho alfajiri tunatoka wote kukimbia."

Siku ya kwanza alifika kwa kinyozi wa jirani tu, kichomi kikambana. Kila miguu ilipogoma, alijinong'oneza, "Pipa, Pipa," hasira ikampanda, akasonga mbele. Mwezi wa kwanza hakuona badiliko lolote, akalia. Lakini hakuacha, kwani kila siku Mshale alimkumbusha jina lile. Baada ya miezi minne, shangazi alikuwa amekwisha kupunguza kiuno cha sketi yake mara mbili.

Mbio za shule za mita mia nane zilipofika, Kibibi alimwacha Mshale atangulie. Kwenye kona ya mwisho akampita, akageuza shingo. "Pipa hilo linakupita!"

Mshale alimaliza akibubujikwa na machozi. Kibibi aliyatazama yakidondoka, akaona raha isiyo na mfano.

Jumatatu alfajiri, hata hivyo, alijifunika shuka gubigubi. Jumanne vilevile. Wiki ikapita, soda zikarudi.

"Kulikoni?" shangazi aliuliza, akikaa ukingoni mwa kitanda.

"Nimeshamkomoa, shangazi. Nikimbilie nini tena?"

"Ndiyo shida yenyewe. Miezi minne yote yule mtoto ndiye aliyekuamsha. Sasa amenyamaza, nawe umelala." Shangazi akamfunua shuka. "Ukipanda ngazi za shule ulikuwa ukipumzika mara ngapi?"

"Mara mbili."

"Na siku hizi?"

Kibibi akafikiri. "Napanda moja kwa moja. Hata sikumbuki kama zipo."

"Basi hiyo ni yako, Mshale hana fungu humo. Hasira ilikutoa kitandani, sikatai, lakini hasira huisha. Anayeutunza mwili wake kwa ajili yake mwenyewe hamngoji mtu amtukane ndipo aamke. Na kejeli iliyokuumiza wewe, usimrushie mwenzako."

Kibibi akavuta raba zake kutoka uvunguni. "Na akiniita Pipa tena?"

"Atakuwa anakuita akiwa nyuma yako," shangazi alisema, akifungua mlango. "Funga kamba vizuri, twende."