Mfuko wa Tano

Guy alikuwa mtoto wa mama yangu mdogo, Ernestine. Haya yalimpata mwezi wa tano, mchana kweupe, mimi nikiwa karibu. Watu hudhani mambo ya namna hii husubiri giza. Haya hayakusubiri.

Jumanne ile ilikuwa siku kama siku zote za Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi huku Malawi. Upepo uliokota vumbi jekundu barabarani na kulimwaga juu ya nyanya za akina mama wa soko. Nilitoka shule, ninapofundisha Kifaransa, nikapita kwa Idrissa. Idrissa ni mtu wa Kindu, Kongo. Ana chumba cha matofali mabichi, bati juu ya matofali, sola juu ya bati, na ndani kompyuta tatu za kuchezea gemu. Guy alikuwa kwenye kiti cha plastiki, manette ya kuchezea mikononi, macho ndani ya maji ya skrini.

Gemu lenyewe ni hivi. Mtu ameanguka katikati ya bahari, peke yake. Anapiga mbizi kutafuta chakula, chuma, hewa. Kila anachookota kinaingia katika visanduku vidogo vilivyopangwa chini ya skrini, na visanduku ni vichache. Vikijaa, hubebi kitu tena. Ukizama, unapoteza vyote. Lakini ndani ya meli zilizozama kuna mifuko iliyofichwa, na kila mfuko ukiupata unakuongezea mstari mmoja wa visanduku, nyongeza ya kudumu. Hata ukizama mara mia, mstari ule unabaki. Mifuko hiyo ni minne. Guy aliitafuta kwa miezi mitatu akaipata yote, na meli zote alikuwa amezichora katika daftari.

“Mifuko mine imeisha,” Idrissa alimwambia. “Unatafuta nini tena mule? Unataka kuoa samaki?”

“Iko ya tano.”

“Nani alikuambia?”

“Naona kivuli yake. Kule chini.”

Tulicheka wote. Idrissa alicheka mpaka akakohoa. Guy hakugeuka.

Lazima niseme hapa kwamba nyumbani kwao wiki zile kulikuwa na furaha. Baada ya miaka kumi na moja ya kungoja, ofisi ya wakimbizi ilikuwa imesoma majina yao: Ernestine na Guy, watu wawili, kwenda kuishi nchi ya mbali. Kilichobaki ni uchunguzi wa afya, Lilongwe, Alhamisi ya wiki iliyofuata. Mama mdogo alikuwa ameanza kukunja nguo. Kila jioni alizikunja, kila asubuhi alizikunjua akazikunja tena.

Alitoka Bukavu na watoto wawili. Msichana, Carelle, miaka mitano, alipotelea ziwani kati ya Uvira na Kigoma, ndani ya mtumbwi wa injini. Mama mdogo aliisimulia safari ile kwa maneno mawili tu: “Wimbi ilimukamata.” Kisha alikuwa akimtazama Guy akila, na kusema, “Sina mwingine. Nikifika kule na huyu, njo basi.”

Hilo tu ndilo alilotaka duniani.

Jumanne ile ile Guy akaufikia mfuko wa tano. Mpiga mbizi wake alishuka chini ya meli ya mwisho, akapita mahali ambapo rangi ya maji huisha. Skrini ikawa nyeusi. Akaendelea kushuka. Hewa ilibaki kidogo, ile alama nyekundu ikipepesa. Ndipo taa yake ikaangukia kitu kwenye mchanga.

Ulikuwa mfuko mkubwa wa nailoni, wa mistari ya bluu na nyekundu, wenye zipu. Kila familia iliyovuka ziwa inaujua.

“Angalia!” Idrissa alipiga makofi. “Hata Bazungu banajua mifuko yetu!”

Guy hakucheka. Kidole chake kilikaa juu ya kitufe muda mrefu. Halafu akabonyeza.

Mstari mpya ukafunguka chini ya skrini, visanduku sita. Vitano vilikuwa vitupu. Cha sita kilikuwa kimeshajaa. Hakikuwa na picha wala jina, kijivu tu. Guy akajaribu kukitupa. Hakikutoka. Akamwacha mpiga mbizi azame makusudi, apoteze kila kitu. Kila kitu kilipotea. Kile kilibaki. Idrissa, kwa hasira ya utani, akalifuta gemu lote kwenye kompyuta, akaliweka upya. Tukaanza siku ya kwanza, mtu mpya, bahari mpya, mikono mitupu.

Kisanduku kimoja. Kijivu. Kimejaa.

Jumamosi Guy alienda Mponela kupakia mahindi, nami nilikwenda kununua gunia letu. Vijana wa kupakia walikuwa wakipimana kwenye mizani ya magunia, wakitaniana nani mwembamba. Guy alipanda naye. Alikuwa mtu wa kilo hamsini na sita, mwaka mzima hakuzidi. Mwenye mizani alitazama, akamwambia ashuke: “Tsikani, achimwene.” Akashuka. Mizani ikarudi sifuri. Akapanda tena.

Sabini na tatu.

“Umekula mawe?” mmoja akauliza. Wakacheka. Mimi nilikuwa natazama mkanda wake. Alikuwa ameutoboa tundu jipya, ndani zaidi. Suruali ilimning'inia.

Kutoka barabara kuu tulichukua kabaza mbili, zile baiskeli za kubeba abiria. Yangu ilifika kambini, nikarudi kwa miguu kumtafuta. Yake ilisimama kwenye kilima kidogo, tairi la nyuma limelala chini. Kijana wa baiskeli alikuwa anafuta jasho na kugombana naye kwa Kichewa.

“Anasema nini?” nikauliza.

“Anataka nilipe ya batu babili.” Guy hakuwa akinitazama. “Anasema, ndinu awiri. Tuko babili.”

Kesho yake, baada ya ibada, alinivuta nyuma ya kanisa. Jua lilikuwa katikati ya kichwa. Kwaya ilikuwa bado inaimba ndani. Alinong'ona, akiniita yaya, yaani kaka, na ilinibidi kusogea ili nisikie.

“Yaya Lucien. Ile mufuko naijua.”

“Bote banaijua, Guy. Iko mufuko ya kila mutu.”

“Hapana. Iko yetu. Mukono moja ya kubebea ilikatika, mama akaifunga na kamba nyeupe. Na ile ya mule iko na kamba nyeupe.”

Aliegemea ukuta wa kanisa, akaendelea.

“Siku ile ziwa ilikasirika. Mwenye mutumbwi akasema mutupe mizigo, ao tunakufa bote. Banaume banatupa. Mi nilikuwa na miaka munane, nilikuwa nabapitishia mizigo. Banapiga kelele, haraka, haraka. Mama alikuwa anatapika, kichwa chini. Carelle alikuwa anasikia baridi. Mama alikuwa amemulalisha ndani ya mufuko, katikati ya manguo. Mi nilisahau, yaya. Ile moja sikupitisha. Nilitupa mi mwenyewe.”

Kwaya ikanyamaza. Tulisikia viti vikisogezwa.

“Ilikuwa ya moto,” akasema. “Ile mufuko ilikuwa ya moto mukononi.”

Nimesoma. Nina diploma. Ningeweza kumwambia jambo lolote siku ile. Nilifikiria zile nguo zinazokunjwa kila jioni, nikamwambia: “Usimuambie mama sasa. Tupite Lilongwe kwanza. Mukifika kule, utamuambia.”

Akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa mzigo mwingine juu ya ule alionao. Alipoondoka nilitazama chini. Udongo ulikuwa mkavu, mgumu kama saruji. Nyayo zangu hazikuonekana. Zake zilikuwa zimezama hadi kina cha kidole.

Alhamisi tulikwenda Lilongwe, watatu, mimi kama mkalimani. Tulishuka Kawale tukanywa chai kibandani, mama mdogo akiwa na kitambaa kipya kichwani, akinunua maandazi kwa kila mtu. Kwa miaka kumi na moja hakuwa amecheka namna ile. Guy hakugusa chai yake. Alikohoa tu, akafuta mdomo.

Kliniki, muuguzi alimpima. Akaleta mizani nyingine. Akampima tena. Themanini na mbili. Alimzunguka Guy akitazama mbavu zake zilizohesabika, akaandika namba, akaikata, akaiandika tena.

Kisha picha ya kifua. Muuguzi aliining'iniza dirishani nami nikaiona. Mapafu yote mawili yalikuwa meupe kuanzia chini, na weupe ule uliishia kwenye mstari ulionyooka, kama maji ndani ya gilasi.

“Muulize aliogelea lini,” muuguzi aliniambia kwa Kiingereza.

“Kambini kwetu hakuna ziwa,” nikajibu. “Hata mto wa maana hakuna.”

Guy alikohoa kwenye kitambaa. Muuguzi alikichukua. Hakikuwa na damu wala makohozi. Kilikuwa kimelowa maji. Akakikamua juu ya beseni, maji yakatiririka, safi, mengi kuliko kitambaa kile kingeweza kushika.

Alisema faili la safari yao litawekwa pembeni. Alisema Guy arudi Jumatatu, kitanda kitakuwa tayari.

Mama mdogo alikuwa mlangoni. “Lucien, anasema nini?”

“Anasema mafua, mama mudogo.”

Ijumaa, saa tisa alasiri, nilimkuta Guy kwa Idrissa. Chumba kilikuwa kimya. Wachezaji wengine walikuwa wameondoka. Idrissa aliniita kando.

“Iko hapa tangu asubuhi. Anasema anairudisha ile mufuko. Anashuka, anafika chini kabisa, anataka kuiweka pale aliitoa. Inakataa. Lucien, mi naogopa. Kiti yangu angalia.”

Miguu ya kiti ilikuwa imeingia sakafuni.

Sikumwona mama mdogo akiingia. Hakuwahi kukanyaga chumba kile, alikiita cha wavivu. Alikuwa amebeba sahani ya nsima, ugali wa huku, iliyofunikwa, kwa sababu Guy hakuwa amekula tangu jana. Alisimama. Mbele yake skrini nyeusi, na katikati ya weusi mistari ya bluu na nyekundu, na kamba nyeupe.

Alitazama kwa muda mrefu sana.

“Mufuko yangu inafanya nini mule?”

Mama mdogo alimgeukia mwanawe.

“Guy. Nani aliitupa?”

“Mi, mama.”

Nje watoto walikuwa wanacheza mpira. Bao likaingia. Wakashangilia.

“Nilijua iko mule ndani,” mama mdogo akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. “Miaka kumi na moja, najua. Batu balisema wimbi, na mi nikasema wimbi. Sikujua tu ilikuwa mukono ya nani.”

Aliweka sahani chini, vizuri, kifuniko hakikuteleza. Akamsogelea. Nilidhani atampiga. Kisha nilidhani atamkumbatia. Aliweka tu mkono begani mwake, akainama sikioni.

“Mufungulie mudogo yako.”

Sisi sote tulikuwa tumejaribu kukitupa kile kisanduku. Hakuna aliyejaribu kukifungua.

Nilisema, “Guy, acha.” Nadhani nilisema. Idrissa anasema sikusema kitu.

Akabonyeza.

Kisanduku kikawa kitupu. Hakuna mlio, hakuna mwanga. Visanduku sita, vitupu vyote. Mabega ya Guy yalishuka, kama mtu aliyetuliwa gunia. Akageuka kumtazama mama yake. Alitabasamu.

Kisha maji yakatoka.

Hakukohoa. Yalitoka mdomoni na puani, baridi, yakimwagika kifuani, magotini, sakafuni, yakinuka majani ya ziwa na mafuta ya injini. Tulimlaza. Tulimgeuza. Idrissa alimkandamiza kifua akilia jina la Mungu, na kila alipokandamiza maji yalitoka mengine. Nilimwinua mabegani. Alikuwa mwepesi. Mwepesi mno.

Alizama kwenye sakafu kavu ya Dzaleka, saa tisa na nusu, jua likiwaka.

Tulimzika Jumapili. Watu walipotawanyika mama mdogo alinishika mkono. Macho yake yalikuwa makavu.

“Lucien. We ulijua?”

“Hapana, mama mudogo.”

Akauachia mkono wangu.

Wiki mbili baadaye tuliitwa ofisini ili jina la Guy liondolewe. Familia ilikuwa ya watu wawili, sasa ingekuwa ya mmoja. Bwana wa ofisi alifuta jina mbele yetu na kuchapisha karatasi. Aliisoma, akakunja uso, akafuta tena, akachapisha tena. Mara ya tatu akageuza kompyuta tuone wenyewe. Ernestine. Na chini yake, Carelle. Jina hilo halikuwahi kuandikishwa Malawi. Mama mdogo hakuwahi kulitamka mbele ya mtu yeyote wa ofisi.

“Huyu ni nani?” bwana yule aliuliza.

“Mutoto yangu,” mama mdogo akajibu, na akaomba wino aweke kidole.

Alisafiri mwezi wa saba. Faili lilikuwa limefunguliwa tena, kila kitu kilikuwa safi. Mpaka leo hajanipigia simu.

Nakala ya karatasi ile nilibaki nayo mimi. Kidole chake kipo mbele ya jina lake, kikubwa, kimekauka. Mbele ya jina la pili kipo kingine, kidogo, ambacho hakuna aliyemwona mtu akikiweka. Nimeianika karatasi juani siku nyingi. Nimeipitisha juu ya jiko la mkaa. Wino wa kile kidogo hautaki kukauka. Asubuhi hii nimekigusa tena, na nimeingia darasani kidole changu kikiwa cha bluu.