Jina Lililotoka Kwenye Glasi

Kila siku akitoka shule, Wening alipitia karakana ya batiki mjini Lasem, ambako mama yake alifanya kazi. Akina mama walikaa kuizunguka sufuria ya nta ya moto, wakichora maua kwenye vitambaa. Wening aliwamiminia chai, kisha akafungua daftari na kuliinamia mpaka pua ikakaribia kugusa karatasi.

"Unasoma au unanusa?" dada Narsih, mmoja wa wachoraji, alimtania, na wote wakacheka. Lakini alimsogezea kipande cha ndizi ya kukaanga, kile kikubwa.

Wening hakuweza kusoma ubaoni. Alikuwa akimtegemea jirani yake wa dawati, na mwalimu alikwisha kusema kwamba siku ya mtihani kila mtu atakaa peke yake. Mama alikuwa ameweka akiba ya kumnunulia miwani. Kisha dada Narsih akaja kuikopa, mtoto wake akiwa na homa.

"Mwisho wa mwezi tu, shoga," alisema.

Miezi ikapita. Mtoto akapona, Narsih akashona nguo mpya ya sikukuu, lakini deni halikulipwa.

"Mbona humdai?" Wening aliuliza.

"Tunachota nta sufuria moja, mwanangu. Kesho nitamtazamaje usoni?"

Jumapili hiyo wanawake wa karakana walikuja kwao kucheza upatu. Kila mmoja alitoa mchango, na majina ya wale ambao hawajapata zamu yakakunjwa na kutiwa ndani ya glasi iliyofunikwa kwa karatasi yenye tundu. Mtoto wa mwenyeji ndiye hutikisa na kusoma. Wening akatikisa, kijikaratasi kikadondoka. Akakisogeza karibu na macho.

Kiliandikwa Narsih.

Hakuna mwingine aliyekiona. Mama naye alikuwa bado hajapata zamu yake. Kama angelitaja jina la mama tu, miwani ingenunuliwa kesho yake.

"Soma basi, mtoto! Au bado unanusa?" Narsih akamhimiza.

"Dada Narsih," Wening akasema kwa sauti ndogo.

Narsih akaruka na kupiga vigelegele. Mama aliona jinsi mwanawe alivyoinamisha kichwa. Alisubiri mpaka Narsih alipomfuata jikoni kumsaidia kuosha vyombo, maana Narsih hakuwa mtu wa kula na kuondoka.

"Mdogo wangu," mama alisema polepole, "ile pesa uliyochukua wakati wa homa ni ya macho ya mtoto huyu. Naiomba leo."

Narsih akasimama na sahani mkononi. "Miezi yote hii umenyamaza! Nikasema moyoni, huyu hana shida nayo."

"Niliona haya."

"Na mimi nikajifanya nimesahau," Narsih alijibu, sauti ikishuka. "Dada, nisamehe. Kila ulipokaa karibu nami nilikuwa nageuza uso." Akafuta mikono, akahesabu noti za upatu palepale, kisha akaendelea kuosha vyombo.

Siku ya mtihani Wening alikaa peke yake dirishani, miwani puani, akasoma kila neno ubaoni.

Jioni, alipokuwa akirudi nyumbani na mama kutoka karakana, alisema, "Mama, siku ile nilitaka kusoma jina lako."

Mama akamshika mkono.

"Lakini hukulisoma. Ungelisoma, tungevaa miwani ya wizi, na mimi ningekula haki ya mwenzangu bila kujua. Umenifunza kusema kweli hata inapouma. Kudai kilicho chako kwa upole si kumtukana mtu. Na siku nyingine mtu akiniomba pesa ambayo wewe unaihitaji, nitamwambia sina ya kukopesha, kisha nitampelekea mgonjwa wake uji. Uji naweza kuutoa bila kumnyima mwanangu."