Kamba Isiyoazimwa

Asubuhi, vilima vya Mbooni huwa havijulikani vinaishia wapi. Ukungu hulala mabondeni mpaka akina mama wamalize kukamua. Miti mirefu tu ndiyo hutokeza vichwa. Ndolo aliipenda saa hiyo kuliko zote. Kazi yake ilikuwa kupanda juu ya miti. Alipogoa mikima, ile miti ya mbao na kivuli, katika mashamba ya watu, alikata mikaratusi iliyozeeka na kupunguza matawi ya miparachichi. Ukimtafuta chini, humpati.

"Ukiwa huko juu," alimwambia mke wake Nduku, "unasikia Mbooni yote. Unasikia posho mili ikianza kusaga kule Kikima. Unasikia kwaya ikikosea."

"Na mimi nikikuita, unanisikia?"

"Wewe nakusikia. Najifanya tu sijasikia."

Nduku alicheka. Lakini hakuwahi kumtazama mumewe akipanda, hata mara moja. Ndolo akifika tawi la kwanza, yeye aliinama akatafuta kazi ya kufanya ardhini. Alikuwa na ndoto iliyomrudia mara kwa mara. Ndani yake Ndolo anatembea juu ya ukungu, polepole, kutoka mti mmoja hadi mwingine, huku akimwita. Nduku anatafuta ngazi na haioni. Ilikuwa ndoto nzuri kwa macho, ila aliamka nayo akiwa ameloa jasho. Hakumwambia mtu.

Sasa, kuhusu kamba. Ndolo alipanda na kamba ya plastiki ya buluu, ile ya kusokotwa inayouzwa kwa mita sokoni Kikima. Aliifunga kiunoni, akaizungusha kwenye tawi, basi. Kazi ikiisha, ilifunga ng'ombe. Na haikuwa yake peke yake. Siku ya mwethya, watu wa kijiji walipokutana kusaidiana kazi za shamba, kamba ya Ndolo ndiyo iliyovuta magogo na mawe. Ilikwenda kisimani. Ilifunga magunia juu ya boda boda. Kwetu huku, kumnyima jirani kamba ni kama kumnyima moto wa kuwashia jiko. Watakusema mpaka watu wa Tulia, kule Kitui, wapate habari. Ni tabia nzuri na siilaumu. Lakini hata tabia nzuri ina mahali pake.

Karibu na kanisa palikuwa na darasa la watoto wadogo. Mkaratusi mmoja mrefu ulikuwa umeliinamia. Kalekye, binti ya Ndolo na Nduku, alisoma katika darasa hilo. Mvua ilikuwa inakaribia, na mvua ya Mbooni huja na upepo. Wazee wa kanisa wakamwomba Ndolo aukate mti huo kipande kwa kipande, kuanzia juu, usije ukaangukia paa.

"Kesho naumaliza," Ndolo akasema.

Siku hiyo hiyo jirani yao Roselyne, mama yake Ben, alifika uani. Roselyne aliolewa Mbooni, lakini kwa miaka mingi alifanya kazi upande wa Kitui, katika kundi la wakwea miti waliokata matawi karibu na nyaya za umeme. Alikuja kwa shida ya kawaida.

"Mama Kalekye, hodi! Nisaidie na kamba. Boda boda inangoja na kreti zangu za avokado."

"Ile pale kwa mlango wa ng'ombe. Chukua tu."

Roselyne aliichukua. Hakuondoka. Alianza kuipitisha kamba mkononi polepole, kama mtu anayechambua mboga. Alipofika katikati, akasimama.

"Baba Kalekye, kuja kidogo. Hii ndiyo unapanda nayo?"

"Hiyo hiyo. Iko na nguvu sana. Ilivuta gari la jirani yetu Musyoka kwa matope."

"Ndio shida. Shika hapa. Unasikia nini?"

Ndolo alishika. "Imekuwa ngumu. Inang'aa."

"Hapo iliyeyuka ikisuguana na mti. Na hapa, angalia, nyuzi zinatoka kama unga. Hiyo ni jua. Plastiki ya hivi ikichomwa na jua inakufa pole pole, na wewe huoni."

"Mama Ben, nimepanda na hii kamba miaka. Sijaanguka."

"Hujaanguka bado," Roselyne akasema.

Nduku alikuwa amesimama mlangoni na ungo mkononi. Neno hilo "bado" lilimwingia moyoni, likakaa.

Roselyne hakubishana. Alifunga kamba katikati ya nguzo mbili za zizi, akaivuta ikakaza. Ncha iliyobaki akaipitisha juu ya ile iliyokazwa. Akaishika huku na huku, akaanza kuivuta mbele na nyuma kwa haraka, kama mtu anayekata kwa msumeno. Harufu ya plastiki inayoungua ikatokea. Mara, tap! Kamba iliyokazwa ikakatika. Hapakuwa na kisu wala panga hapo.

Ndolo aliangalia vipande viwili. Kwanza alikasirika.

"Aiya! Umenikatia kamba na kesho niko na kazi!"

"Nimeikata ukiwa chini," Roselyne akajibu. "Ukiwa juu, uteleze, kamba yako inakimbia hivyo hivyo juu ya tawi ama juu ya kamba ingine. Inashika moto hivyo hivyo."

Hapo Nduku alisema jambo ambalo hakuwa amelisema tangu waoane. "Baba Kalekye, mimi naogopa. Kila siku ukienda naogopa. Huo mti hutapanda kesho."

"Na watoto?"

"Watoto watasomea ndani ya kanisa. Darasa lifungwe mpaka upate kamba ya maana."

Wazee wa kanisa walikubali. Madawati yalihamishwa siku hiyo hiyo. Jogoo akauzwa, na mbuzi wawili nao wakaenda sokoni. Wiki iliyofuata Ndolo, Nduku na Roselyne waliteremka mpaka Emali, kwenye barabara ya Mombasa. Huko kulikuwa na duka la vifaa vya usalama kazini. Mwenye duka aliitwa Kang'ethe. Alikuwa mcheshi, na alipenda kuuza.

"Chukua hii, mzee," akasema, akipiga kofi kamba nene ya katani. "Nene ndio ngumu. Hii inabeba ndovu."

Ndolo aliipenda mara moja. Mkono wake wote haukuizunguka.

"Sasa jaribu kufunga fundo," Roselyne akamwambia.

Ndolo alijaribu. Fundo lilikuwa kubwa kama kiazi, na halikukaza.

"Na ikinyeshewa, inaoza ndani," Roselyne akasema. "Huwezi kujua. Unene peke yake hausaidii. Ya kupanda iwe nene kama kidole, milimita kumi na mbili hivi. Unaishika siku nzima mkono hauchoki."

Kang'ethe akacheka, akaleta nyingine, nyembamba kidogo, yenye rangi za kupendeza. "Hii ni ya wapanda milima. Kutoka ng'ambo!"

"Ivute," Roselyne akasema.

Nduku alishika ncha moja na Ndolo nyingine. Wakavuta. Kamba ikarefuka, kisha ikarudi.

"Hiyo inavutika ili mtu wa mlima akianguka mbali asivunjike," Roselyne akaeleza. "Lakini wewe unaning'inia kwa kamba siku yote. Ukipanda na hiyo utakuwa unacheza juu na chini, na msumeno uko mkononi. Kwa kazi ya miti tunataka isiyovutika sana."

"Mama, wewe nikuajiri hapa dukani," Kang'ethe akasema. Safari hii hakutania. Aliingia nyuma akatoka na kamba nyeupe yenye mistari ya rangi ya chungwa. Ilikuwa laini na nzito kiasi. Ncha yake moja ilikuwa na kitanzi kilichoshonwa kiwandani.

Roselyne aliikunja ili waone. Nje palikuwa na ganda lililofumwa kwa karibu. Ndani palikuwa na moyo wake, nyuzi nyingi zilizofichwa. Ganda lilivumilia kusuguana na joto kuliko plastiki ile ya sokoni. Alisoma karatasi iliyokuja nayo. Ilisema kamba imetengenezwa kwa kazi ya miti, imepimwa, na inavumilia uzito wa zaidi ya kilo elfu mbili.

"Mimi nina sabini," Ndolo akasema.

"Mtu akianguka, uzito wake unaongezeka. Na kila fundo linapunguza nguvu ya kamba. Ndio maana tunataka iliyozidi sana. Kama haina karatasi, usiguse, hata ukipewa bure."

"Mbona ina rangi kali hivi?" Nduku akauliza.

"Ndio aione kwa majani. Asiikate na msumeno wake mwenyewe."

Kwa urefu, walikadiria mti mrefu zaidi ambao Ndolo angepanda. Wakachukua mara mbili yake na zaidi, kwa sababu kamba hupanda, huzunguka tawi, na lazima irudi mpaka chini. Walichukua pia kamba ndogo ya kufungia fundo linalobana mtu akianguka na kuachia akitaka kushuka, na Roselyne akaijaribu hapo hapo juu ya ile kubwa. Ilibana, kisha ikaachia. Wakaongeza mshipi wa kupandia unaoshika mapaja, kofia ngumu, na kamba fupi ya kiunoni. Hiyo fupi ni ya kumshika mtu anapokata, ili moja ikikatwa, nyingine ibaki. Bei ilimtoa Ndolo jasho. Nduku ndiye aliyelipa.

Wiki kadhaa Roselyne alimfundisha kwenye mparachichi mfupi nyuma ya nyumba. Ndolo aliteleza makusudi, akaning'inia, akateremka, akapanda tena. Kamba ilikaa ndani ya mfuko wake, mbali na jua, mafuta ya msumeno na maji ya betri.

Kisha Musyoka akaja. Musyoka ni jirani wa upande wa chini, na gari lake lilikuwa limekwama tena.

"Mutui wangu," akasema, maana yake jirani, "nipe ile kamba mpya. Dakika tu."

Mkono wa Ndolo ulishaanza kwenda kwenye mfuko. Ilikuwa mazoea. Nduku akauwahi mfuko, akaukalia.

"Hii haiazimwi, baba," akasema kwa heshima.

"Kamba?" Musyoka akashangaa. "Kamba haiazimwi? Tangu lini?"

"Tangu tuinunue. Ikivuta gari, inaumia ndani na mimi sitaona. Halafu baba ya Kalekye anapanda nayo. Usikasirike. Chukua jembe, chukua punda, nitakuja mimi mwenyewe nisukume."

Musyoka aliondoka amenuna. Nduku alilia kidogo, kwa sababu kunyima ni kazi ngumu kwa mtu aliyelelewa vizuri. Lakini alienda kweli akasukuma, na gari likatoka.

Siku ya kukata mkaratusi ukungu ulikuwa umeanza kuinuka. Watu walisimama mbali. Musyoka naye alikuja, ameshika kamba nyingine nene, ya kushushia matawi, kwa sababu ya kushushia na ya kupandia hazichanganywi. Alikuwa bado hasemi na Nduku. Ndolo aliipitisha kamba yake yote mkononi, toka ncha hadi ncha. Kisha akapanda.

Safari hii Nduku hakuinama. Aliinua uso akatazama. Mumewe alionekana mdogo, kisha mdogo zaidi, akaingia kwenye weupe wa ukungu. Ikabaki mistari ya rangi ya chungwa tu, ikipanda yenyewe angani. Vipande vya mti vilianza kushuka kimoja kimoja, polepole, bila haraka. Nduku aliona ni kama ile ndoto yake, ila sasa kulikuwa na kitu cha kushika.

Ndipo tawi likalia kacha! Lilikuwa limekauka kwa ndani. Ndolo alikuwa amelikanyaga. Watu wakapiga kelele. Musyoka akafumba macho.

Ndolo alianguka kiasi cha urefu wa mkono. Kisha hakuanguka tena. Alining'inia katikati ya ukungu, akizunguka taratibu, miguu ikielea, na msumeno ukining'inia kando yake. Ndege mmoja akapita chini yake.

"Baba Kalekye!" Nduku akaita. "Unanisikia?"

Halafu sauti ikashuka, ya mtu asiye na haraka.

"Nakusikia. Niko sawa. Na ukungu umefunguka upande huu, naona kwetu vizuri sana kutoka hapa. Mama Kalekye, umeacha nini motoni? Jikoni kunatoka moshi mweusi."

"Uwi! Muthokoi!"

Nduku akakimbia, anacheka, anafuta machozi. Watu wakacheka naye, hata Musyoka. Mti uliisha kabla ya jua kuwa kali, na Jumatatu watoto wakarudi darasani mwao.

Mchana huo walikula ile muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, iliyoungua chini. Ilikuwa chungu na ina harufu ya moshi. Roselyne alijitahidi kumaliza sahani yake. Ndolo alimaliza yake, akamnyooshea mkewe sahani.

"Niongezee," akasema.

Nduku akamwongezea.